Chainizi Zikiisha

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Leo asubuhi Dereva amechukua futi yangu ya kushonea, bila kuomba, akaenda nayo uani. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani natia mifuko kwenye sare za shule. Nikamwona kupitia mlangoni, ameinama juu ya bustani yangu, analaza futi kwenye tope, ananyanyuka, anakuna kichwa, anapima tena. Futi ikarudi imelowa, na sketi ya mteja imepata doa.

Namwita Dereva humu kwa sababu nikiandika "mume wangu" leo kalamu itapasuka. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ameendesha malori ya watu tangu tulipooana. Nyumbani alikuwa anapita tu, anakula, analala, anaondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu kila ikikaribia siku ya tatu alikuwa ameshawasha injini. Mwezi uliopita amestaafu. Sasa yupo asubuhi, yupo mchana, yupo jioni, na kila saa ana maoni.

Nikamuuliza anapima nini.

"Gari," akasema.

"Gari gani?"

"Ninalonunua. Nimeshaelewana na mwenyewe, atalileta mambo ya hapa yakiwa tayari. Litaingia kwa geti la nyuma likae hapa. Fundi atamwaga saruji, pasafi, hakuna tope tena."

Alisema kama ananiletea zawadi! Kile kipande kati ya ukuta wa bafu na ukuta wa Mama Pacha ndicho kilicholisha watoto wake alipokuwa huko barabarani. Lakini si hilo hasa. Katika nyumba hii kila kitu kiliamuliwa kwa simu: rangi ya ukuta, shule ya watoto, hata kitanda ninacholalia. Pale nyuma tu ndipo sijawahi kumuuliza mtu nipande nini. Na sasa hakuniuliza.

Tulipigizana kelele mpaka Mama Pacha akapunguza redio yake asikie vizuri. Mwisho nikasema: "Nimeshanunua mbegu za chainizi. Nikishazivuna zikaisha, mlete huyo fundi wako."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Akanipa mkono, nikaushika. Mkono wangu ulikuwa na uzi na sindano. Sijui kama nilimchoma kwa bahati mbaya.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimesia mbegu tuta la kwanza. Chainizi haina majivuno. Ni ile kabichi ya Kichina isiyofunga kichwa, shina jeupe nene, jani pana la kung'aa. Ipe maji, ipe majivu kidogo, mwezi na siku chache unakula.

Nimesia tuta moja tu. La pili nitasia wiki ijayo, la tatu wiki itakayofuata. Likifika wakati wa kuisha la tatu, la kwanza litakuwa limeshasiwa upya. Nilisema zikiisha. Sikusema zitaisha.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Zimeota.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Vidudu vyeusi vinavyoruka vimetoboa majani kama vimepewa sindano. Nimetoa chandarua kikuukuu, nimekitandika juu ya fito, nikabana pembeni kwa mawe. Dereva alisimama na kikombe chake cha chai.

"Mboga inalala kwenye chandarua," akasema. "Mimi nimeumwa na mbu nchi nzima, hakuna aliyenifunika."

Nilicheka. Halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka. Anajua kunichekesha, ndivyo alivyonioa.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimepunguza miche tuta la kwanza, iliyobanana nimeing'oa na kuipika. Tuta la pili limechomoza.

"Na hili la nini?" akauliza.

"La mboga."

"Si lile kule ndilo la mboga?"

"Na lile."

Akahesabu kwa kidole. Mtu aliyepita mizani yote ya barabara hii na mzigo wa ziada si mjinga. Ataelewa.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Mvua kubwa. Fundi wa saruji alikuja kuangalia uwanja, akasimama chini ya upenu na suruali imekunjwa. Ni mtu mpole, anaongea akitazama miguu yake.

"Mzee, kwa mvua hii tukimwaga leo saruji yote itakimbilia kwa jirani. Tusubiri ikatike."

Nilimpikia chai nzuri, nikamwongezea sukari bila kuombwa. Inyeshe. Inyeshe mpaka vyura wachoke.

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Mavuno ya kwanza. Nakata majani ya nje tu kwa kisu kidogo, ya katikati naacha, maana ukiacha moyo wa chainizi hauna haraka ya kufa. Nimekaanga na kitunguu na nyanya. Dereva aliisukuma sahani pembeni.

"Mimi si mbuzi," akasema.

Vizuri. Asile, zisiishe.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Ameelewa. Nilikuwa nachuma, yeye amekaa kwenye ngazi ya jikoni anavaa viatu, akasema polepole, "Mama Watoto, hizi mboga mbona hazipungui?"

"Mungu anabariki."

"Mungu au wewe?"

Niliendelea kuchuma. Akafunga kamba za viatu, akafungua, akafunga tena. Halafu akasema, "Ahadi ni deni." Nikasema, "Nami nalilipa kila siku, huoni?" Akaondoka akibamiza geti.

Jumatano, tarehe 9 Aprili

Leo mchana Dereva amekula chainizi. Amejipakulia mwenyewe, mara mbili.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Anakula asubuhi, mchana na jioni. Asubuhi amezila na chai! Anatafuna akinitazama usoni, polepole, kama ng'ombe mwenye kinyongo. Usiku tumbo linamnguruma kitanda kizima kinatetemeka, na asubuhi anaamka anauliza, "Zimebaki?" Mtu mzima mwenye mvi ameamua kula bustani mpaka iishe.

Haya. Dawa ya moto ni moto. Nimesia tena tuta la kwanza, katikati ya mashina ya zamani.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Nilipokwenda kupeleka sare shuleni, alichukua panga akakata tuta zima la pili, sawasawa na ardhi. Amezipanga mafungu barazani, pembeni ya cherehani yangu, na pembeni ya mafungu amekaa yeye.

"Nimekusaidia kuvuna," akasema.

Niliwaka. Si kwa mboga, bali kwa lile neno, kukusaidia. Watoto walipougua surua wote kwa pamoja hakuwahi kunisaidia. Bomba lilipopasuka hakunisaidia. Amesubiri miaka yote hii, na msaada aliokuja nao ni panga.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Nilikuwa kazini. Mnakula nini bila kazi yangu?" Nikamwonyesha mafungu: "Hizi."

Hatukuongea tena mpaka jioni, na jioni aliongea na redio.

Jumanne, tarehe 22 Aprili

Leo nimecheka mpaka nikashika mbavu. Yale mashina aliyokata yamechipua. Alikata juu ya ardhi, mizizi akaiacha, na chainizi ukiiachia mzizi inarudi. Amesimama pale, mikono kiunoni.

"Hizi si nilizimaliza?"

"Ndizo hizo."

"Ulizipanda tena."

"Sikugusa. Si uliacha mizizi?"

Akainama, akashika kijichipukizi kwa vidole viwili, akakitazama muda mrefu. Nilidhani ataking'oa. Hakukigusa zaidi. Nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu Machi, ana uso wa mtu anayetaka kujua kitu. Ulidumu kidogo tu. Alipogundua namtazama akasema, "Basi nimeshajua, ni mizizi," akaingia ndani.

Nilipaswa kufunga mdomo wangu.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Mama Pacha nilimhesabu upande wangu. Tumeazimana chumvi tangu pacha wake wanatambaa, na sasa wana ndevu. Leo nimemkuta ukutani anapokea mafungu ya chainizi kutoka kwa Dereva, mikono imejaa hadi kidevuni.

"Jirani, na wewe?"

"Si ananipa? Nikatae chakula?" Hata aibu hakuona. "Na usiununie ukweli, dada yangu. Gari likiwepo hapo litatufaa sote. Mtu akiugua usiku tutambeba mgongoni?"

"Utabebwa kwenye chainizi," nikamwambia. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Anagawa mtaa mzima. Kinyozi, muuza mkaa, wote wanakula bustani yangu na kumsifu yeye. "Mzee ana mkono wa kilimo," kinyozi kaniambia! Nilirudi nyumbani bila kumjibu kwa sababu jibu lililokuja si la mwanamke wa umri wangu.

Jumatano, tarehe 30 Aprili

Mvua imezidi na sasa imenigeukia. Konokono wamekula usiku kucha. Majani ya chini yameoza, yananuka. Nimewaokota konokono kwenye ndoo tangu alfajiri, nikiwasema mmoja mmoja kwa jina la Dereva.

Niliomba mvua isikatike ili fundi asije, na mvua hiyo hiyo inaua mboga. Ikikatika, saruji inakuja. Isipokatika, hakuna cha kulinda. Nimeinua matuta kwa jembe, nimechimba mfereji wa maji, mgongo unaniuma. Nusu zimepona.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Hili sitaki kuliandika lakini nitaliandika.

Leo nilitoka sokoni kununua vifungo, nikaingia kimya kwa sababu viatu vilikuwa na tope nimevivua nje. Dereva alikuwa peke yake barazani, kwenye kiti changu cha cherehani. Mikono yake ilikuwa imeshika hewa, hivi, usawa wa kifua. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye pedali ya cherehani. Alikuwa anaendesha. Alikata kona taratibu, akatazama pembeni, akarudisha.

Nilirudi nyuma asinione. Nikasimama kwenye korido na vifungo vyangu. Maisha yake yote alishika usukani wa mali ya mtu mwingine, na siku alipostaafu walimpa kofia na chai. Hana mahali katika nyumba hii. Kiti ni changu, jiko ni langu, hata redio naifungua mimi. Niliona huruma, na huruma ilinitia hasira zaidi, kwa sababu hasira ilikuwa rahisi kubeba.

Niliamua nimwambie: tugawane. Nusu saruji, nusu mboga. Gari dogo litatosha, tutabana.

Nikaenda jioni kumwambia. Alikuwa uani kwenye simu, mgongo kwangu, anaongea na fundi. Nilimsikia vizuri. "We kaa tayari tu. Huyu mwanamke atachoka. Wanawake huchoka."

Nikageuka na nusu yangu nikarudi nayo ndani. Halafu nikatoka tena kwa mlango wa mbele, nikazunguka, nikasia chainizi kwenye njia yote ya geti.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Amekula bakuli mbili. Mimi nimesia. Na ngozi yake imeanza kung'aa! Namlisha adui mpaka ananawiri.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Mkwe amepiga simu, binti yetu ameshikwa na uchungu. Uzazi wa kwanza, lazima niende. Nimefunga kibegi haraka.

Matuta yote matatu yamesimama, na njia ya geti imeota. Sijawahi kuwa na chainizi nzuri hivi. Nilimwita Dereva nikamwonyesha: maji asubuhi, si mchana, na chandarua kirudishwe kila jioni.

"Nimwagilie tu?"

"Umwagilie tu. Usivune. Nikirudi nitavuna mwenyewe."

"Nimesikia," akasema. Akanibebea kibegi mpaka kituoni, akanitafutia kiti cha dirishani, akasimama pale mpaka tukaondoka. Niliona vibaya kwa maneno yangu yote ya msimu huu. Mbingu zilikuwa nyeupe, bila wingu.

Jumamosi, tarehe 24 Mei

Mikono yangu imefungwa vitambaa, naandika kwa shida, lakini sitalala na hili.

Mtoto wa kike, mzima, mama yake mzima. Nilirudi leo nikiwa na furaha. Nilimnunulia Dereva fulana njiani. Nayaandika haya ili nikumbuke nilivyoingia.

Kwenye kona ya nyumba nikasikia sauti ya koleo. Kwaru, kwaru. Nikanusa saruji mbichi. Nilijua kabla sijafika.

Uani hapakuwa na jani. Si moja. Aling'oa kwa mizizi safari hii, akazigawa zote, nikaja kujua kinyozi alipata kapu. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye ubao, analainisha mwisho wa kazi, karibu na ukuta wa bafu. Sakafu ilikuwa imelala kutoka geti mpaka jikoni, ya kijivu, laini, inang'aa kwa maji.

"Shikamoo mama," fundi akasema akitazama miguu yake. "Pole na safari."

Niliweka kibegi juu ya ngazi. Nikachukua jembe nyuma ya mlango. Nikakanyaga ile saruji na viatu vyangu vya safari, nikazama mpaka vifundoni, nikapiga.

"Mama! Mama, hiyo ni saruji!"

"Ikiwa mbichi ni udongo."

Na kweli ilitoka. Nzito kuliko udongo, inalivuta jembe, lakini ilitoka. Nilikokota mabonge mpaka kwenye mfereji, nikarudi. Kokoto zilinirukia usoni. Nilipochoka na jembe nikainama nikazoa kwa mikono, kisha nikalishika tena. Mama Pacha alipanda juu ya kitu upande wake, kichwa kikatokea ukutani. Fundi aliweka mwiko chini.

"Mimi ugomvi wa nyumba siingii," akasema, akaenda kunawa.

Dereva alikuwa ametoka kununua soda ya fundi. Aliingia na chupa mbili mkononi, akasimama.

"Unafanya nini?"

Nikaendelea.

"Tulikubaliana! Ulinipa mkono! Zikiisha, ulisema. Zimeisha!"

"Nilisema nikishazivuna. Nani amezivuna?"

"Usinichezee maneno."

"Sichezi! Mimi nilipanda, wewe uling'oa. Mtu hang'oi mazao ya mwenzake akasema yameisha. Hata mwizi huwa hasemi yameisha, husema nimechukua."

Alikuja mpaka ukingoni mwa saruji, viatu vyake karibu viguse, hakukanyaga. Akaona mikono yangu. Ilikuwa imeanza kuchubuka, saruji inakula ngozi, na mimi sikuwa nahisi.

"Toka humo, utaungua," akasema, sauti imeshuka. "Kanawe kwanza. Tutaongea."

"Tuongee nini?"

"Si ungeniambia tu kwamba hutaki? Neno moja tu. Ungesema, sitaki. Mimi ningejuaje?"

Hapo ndipo jembe liliniponyoka. Nilisimama, saruji imenirukia mpaka magotini, fulana yake imo kwenye kibegi, nikamwambia, na Mama Pacha alisikia, na fundi bombani alisikia: "Nimekwambia msimu mzima. Kila wiki nimekwambia, tuta kwa tuta. Wewe ulikuwa unakula tu."

Soda zilikuwa zinatoka jasho mikononi mwake. Niliokota jembe. Jua lilikuwa kali, na upande wa geti ilikuwa imeanza kushika, jembe linagonga linarudi. Upande wa jikoni bado.

Alivua viatu. Alikunja suruali yake, taratibu, mguu mmoja, mguu mwingine. Akachukua koleo la fundi, akaingia. Sikumshukuru na sikumtazama. Tulizoa mpaka isiwezekane kuzoa tena.

Jumapili, tarehe 25 Mei

Mikono imevimba. Hawezi kushona mtu mwenye mikono hii. Tuta moja na nusu tumeokoa, upande wa jikoni. Kuanzia hapo mpaka getini ni jiwe, baya, limejaa mashimo ya jembe na nyayo zangu. Hata baiskeli haiwezi kukaa sawasawa.

Alinipaka dawa mikononi asubuhi. Nilimwacha apake. Bado nina hasira, tena nyingi, na nilimwambia. Akasema, "Najua." Ni mara ya kwanza anasema anajua kitu nilichomwambia mimi.

Jumatano, tarehe 28 Mei

Udongo una chokaa ya saruji, nimeuosha kwa maji ndoo kwa ndoo, nimechanganya samadi. Mikono haikunjiki vizuri, mbegu zinaniponyoka.

Alisimama kwenye ngazi. "Nikusaidie?" akasema, halafu akajikamata. "Au unataka iweje?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. "Sia wewe. Mstari mmoja, mbali mbali, usizirundike. Mwingine nitasia mimi."

Amezirundika. Nikamwambia azitoe, aanze tena. Akaanza tena.

Jumapili, tarehe 1 Juni

Gari limeletwa leo jioni. Dogo, jeupe, limepigwa kidogo ubavuni. Dereva alilifikisha mpaka geti la nyuma, akashuka, akatazama ile saruji yenye mashimo, akatazama tuta. Kisha akaja jikoni na funguo mkononi.

"Nililaze wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia nje. Limelala nje.